Geuza Picha Uone Mgongo

Haya ni maneno niliyosema mbele ya wanachama wa kikundi chetu cha hisa na mikopo na watoto wao, Ngarenaro, Arusha. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikiondoa marudio tu.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliokaa kule karibu na mlango, habari za jioni.

Mwenyekiti aliponipigia simu akaniomba niseme neno juu ya video bandia na habari za uzushi, nilimwambia kwamba mimi si mtu wa kompyuta, mimi ni fundi picha. Akanijibu, "Ndiyo maana nakuita." Basi nimekuja na kitu kimoja mkononi, nacho ni hiki.

Hii ni picha ya mwaka 1986. Nimeiazima kwa wenyewe, na wenyewe wameniruhusu niieleze. Mama amekaa kwenye kiti, watoto wanne wamemzunguka, na nyuma yake amesimama mwanamume mwenye koti, mkono ukiwa juu ya egemeo la kiti. Nyuma yao ni pazia la studio yangu, lile lililochorwa Mlima Meru na barabara ya lami inayouelekea. Imekaa ukutani kwao Kaloleni karibu miaka arobaini.

Yule mwanamume siku ile hakuwepo. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Mama alikuja studio na picha ndogo ya kitambulisho, imekunjika pembeni, ameifunga kwenye leso. Akaniambia, "Fundi, huyu wa mwisho hamjui baba yake hata kwa sura. Niwekee mume wangu hapa nyuma yangu." Nikamvalisha kijana wangu wa kazi koti langu, nikamsimamisha nyuma ya kiti, nikapiga. Usiku nikaingia chumba cha giza. Nilikiziba kichwa cha kijana kwa kipande cha karatasi nyeusi wakati wa kumulika, pakabaki peupe, kisha pale pale nikamulika sura ya marehemu niliyoikuza kutoka kwenye kile kitambulisho. Niliharibu karatasi saba. Ya nane ikakubali. Asubuhi nikakaa dirishani na penseli laini nikaufuta mshono wa shingo mpaka mimi mwenyewe nikawa siuoni.

Nawaambia haya ili mjue kwamba anayesimama mbele yenu ameghushi picha, na ameghushi vizuri. Picha kudanganya hakukuanza na simu. Mafundi wenzangu wa Urusi ya Stalin walifanya makubwa zaidi, tena kwa nia mbaya. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, alipigwa picha akitembea na Stalin kando ya mfereji. Alipouawa mwaka 1940, akafutwa hata kwenye picha, na mahali aliposimama yakachorwa maji. Na kabla ya picha kulikuwa na midomo. Wazee humu mnakumbuka hofu ya mumiani, watu wa kunyonya damu, jinsi mtoto alivyokatazwa kutoka jua likizama. Hakuna aliyewahi kuonyeshwa picha ya mumiani, na bado vijiji vizima vilijifungia.

Sasa igeuzeni hii picha. Naomba ipite mkono kwa mkono, taratibu, ni ya watu. Mgongoni kuna muhuri wa mpira: jina la studio, mtaa, tarehe, na namba niliyoiandika kwa kalamu. Kila picha iliyotoka mlangoni kwangu niliigonga muhuri ule. Namba ile ilikuwa na kazi. Ukinijia ukasema picha hii si yako, au hii umeiharibu, au huyu ni nani, nafungua daftari, natafuta bahasha, naiweka negativu, ile filamu ya asili, mezani tunaitazama wote wawili kwenye mwanga. Nilikuwa na jina, nilikuwa na mlango, na ukitaka kunigombeza ulijua pa kunikuta.

Jambo nililokuja kulisema ni hili. Picha ina uso na ina mgongo. Uso unaweza kufanya lolote, na sasa unafanya maajabu. Mgongo ndio unaokuambia nani anasimama nyuma yake. Hizi zinazoingia kwenye simu zetu usiku na mchana hazina mgongo, na sisi tumezoea haraka mno kuishi na picha zisizo na mgongo.

Nimewauliza vijana wangu wanieleze hizi mashine, nami nitawaeleza kama nilivyoelewa. Mwaka 2014 mtafiti aitwaye Ian Goodfellow, akiwa Montreal, Kanada, pamoja na wenzake, walibuni njia ya kushindanisha programu mbili. Moja inaghushi, nyingine inakagua. Ya kwanza ikikamatwa inarudi kurekebisha kosa, ya pili nayo inazidi kunoa jicho, mara maelfu kwa maelfu, bila kuchoka. Mimi niliharibu karatasi saba. Mwishoni mwa mwaka 2017 programu za kubandika sura ya mtu kwenye mwili wa mwingine zikawa mikononi mwa watu wa kawaida mtandaoni, ndipo likapatikana jina la dipufeki. Sauti nayo ikafuata. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha programu iliyoweza kuiga sauti ya mtu kwa Kiingereza baada ya kumsikiliza kwa sekunde tatu. Sekunde tatu! Salamu zangu za mwanzo hapa zilikuwa ndefu kuliko hizo.

Kuna watu wanafundishana namna ya kuzitambua kwa kutazama uso. Tazama macho, hesabu vidole, angalia meno. Mwaka 2018 watafiti Marekani waligundua kwamba watu wa video bandia hawapepesi macho kama binadamu. Ilikuwa habari njema, na haikudumu, kwa sababu watengenezaji waliisoma kama sisi, na video zao zikaanza kupepesa. Mimi nimetazama nyuso kwa riziki yangu, na nawaambia msiliweke tumaini lenu kwenye jicho. Jicho litashindwa.

Tuje nyumbani. Mweka hazina wetu amekaa hapa mbele na ameniruhusu, maana sikutaka kumsema mtu mgongoni.

Mnaikumbuka ile Alhamisi. Mchana wake alikuwa amepigiwa simu na mtu mwenye lugha ya kiofisi, akaombwa ataje tarakimu zilizoingia kwa ujumbe, akazitaja, na akaunti yake ikatekwa. Saa tatu usiku voisi ikaingia kwenye grupu la marejesho. Ilikuwa sauti yake. Kile kikohozi chake kidogo kabla ya kuanza kusema kilikuwemo, na lile "jamani wapendwa" lake lilikuwemo. Ikasema laini yake ina hitilafu, marejesho ya wiki tutume namba nyingine. Kila mmoja humu ameshapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", akaufuta, akaendelea na shughuli zake. Ule huja kwa maandishi kutoka kwa mgeni. Huu ulikuja kwa sauti ya mtu aliyetushikia fedha miaka sita bila shilingi kupungua. Kabla ya saa nne wanachama kumi na mmoja walikuwa wametuma elfu hamsini hamsini. Laki tano na nusu ikaenda.

Fedha ile tuliililia, tukaisamehe. Kilichofuata ndicho kinachonifanya niseme leo.

Wiki mbili baadaye mama yake mzazi akafariki, kule Marangu. Alikuwa ameshaipata akaunti yake. Akatuma voisi usiku, analia, akasema mama ametutoka, mazishi Jumamosi. Grupu likakaa kimya. Mmoja akaandika, "Wameanza tena." Mwingine akaweka vile vikatuni vya kucheka. Yeye akiwa amekaa pembeni ya kitanda cha mama yake anasoma hayo. Jumamosi kaburini, kati ya watu thelathini na wawili wa kikundi hiki, walikuwepo wanne. Mimi sikuwepo. Niliisikiliza ile voisi, nikasema moyoni hawa matapeli hawana haya, nikaizima simu nikalala.

Mama mweka hazina, nilikuomba radhi nyumbani kwako, na leo nakuomba mbele ya watu.

Uongo wa kwanza ulituchukulia fedha. Wa pili haukuwepo kabisa, ilikuwa kweli tupu, na tukaikataa kwa sababu ya ule wa kwanza. Bobby Chesney na Danielle Citron, walimu wa sheria wa Marekani, wamelipa jambo hili jina ambalo kwa Kiswahili nitaliita gawio la mwongo. Ninyi mnajua gawio. Mwisho wa mwaka tunagawana faida kwa sababu tuliweka hisa. Basi mwongo naye ana hisa zake. Kadiri video bandia zinavyozidi, ndivyo anavyovuna siku akinaswa kwa video ya kweli, maana atasema, "Hiyo imetengenezwa," na sisi tuliokwisha kuumwa na nyoka tutashtuka kwa ung'ongo, tutamwachia aende.

Na halikutokea kwetu tu. Gabon, Oktoba 2018, Rais Ali Bongo alipata kiharusi akiwa Saudi Arabia. Wananchi wakakaa miezi bila kumsikia. Mwaka mpya ukaingia, ikatolewa video akitoa salamu, uso wake mgumu, macho hayachezi vizuri. Watu wakasema hiyo ni bandia, rais hayupo. Tarehe 7 Januari 2019 baadhi ya askari wakateka kituo cha redio ya taifa Libreville wakitaka kupindua serikali, wakazimwa ndani ya saa chache. Walioipima video ile baadaye hawakukuta ushahidi wa kughushi. Ilikuwa ni sura ya mtu mgonjwa. Serikali ilikuwa imewanyima watu habari za kweli miezi mizima, na ilipowapa hata kidogo, hawakuwa na sababu ya kuipokea. Hilo viongozi wetu, kuanzia wa mtaa, walichukue kama lilivyo. Ukimya wa ofisi ndio shamba la uzushi.

Kuna methali moja ningependa tuipumzishe. Tunasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nimeisikia ikitumika kusambaza kila kitu. Mtu hana uhakika, anaitanguliza methali, anabonyeza. Na ile nyingine, kwamba njia ya mwongo ni fupi, ilikuwa kweli enzi za miguu. Watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walifuatilia habari kama 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Walikuta kweli inachukua muda mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500 kuliko uongo. Wakatafuta kama ni mashine zinazosukuma uongo. Wakakuta ni watu. Ni mkono wangu na wako, kwa sababu uongo huja na kitu kipya, na sisi sote tunapenda kuwa wa kwanza kuleta neno.

Sasa nataka niseme na ninyi kama watu wa Arusha, maana mji huu umebeba jambo ambalo miji mingi haijabeba.

Novemba 1994 Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya kuwashtaki waliopanga mauaji ya kimbari ya Rwanda, na mahakama ile ikawekwa hapa, ndani ya jengo la AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, hatua chache kutoka mjini. Wengi mlikuwa mnapita nje. Raia waliruhusiwa kuingia kusikiliza, nami siku kadhaa nilifunga studio nikaenda. Unakaa nyuma ya kioo, unavaa visikilizio, unachagua lugha. Niliikuta kesi iliyoitwa ya vyombo vya habari. Ilihusu uchochezi wa mauaji yale kupitia redio ya Rwanda iliyoitwa RTLM, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993, na gazeti la Kangura. Washtakiwa walikuwa Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze. Hukumu ikatoka Desemba 2003, wote watatu wakatiwa hatiani. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini hawakuachiwa.

Hakuna mashine iliyotengeneza sauti za redio ile. Zilikuwa sauti halisi za watu halisi, wakicheka, wakipiga muziki, wakiwaita majirani zao mende. Kwa hiyo anayeniambia hatari imeanza na akili mnemba, namrudisha AICC. Uongo unaoua hauhitaji sura ya kughushi. Unahitaji watu walioacha kuuliza.

Lakini mimi kama fundi nilivutwa na jambo jingine mle ndani. Kanda za redio. Zililetwa kama ushahidi, na hakuna aliyesema, "Si mnasikia wenyewe?" Wakauliza imerekodiwa na nani. Siku gani. Ilihifadhiwa wapi, ikapita mikononi mwa nani. Nani anaitambua hii sauti, na yeye mwenyewe alimjua vipi huyu mtu. Kanda ikapewa namba, ikaandikwa neno kwa neno, ikafasiriwa kutoka Kinyarwanda, na upande wa utetezi ukapewa nafasi ya kuipinga. Nilichoka kusikiliza. Mwanzoni nikaona wanapoteza muda, watu wamekufa laki nane na zaidi, hawa wanabishana juu ya kanda. Nilipokuwa narudi kwa miguu kuelekea Mnara wa Saa nikaelewa kwamba walikuwa wanafanya nilichokuwa nafanya mimi na muhuri wangu. Walikuwa wanatafuta mgongo wa kanda. Na kwa sababu waliutafuta kwa subira ile, leo hakuna atakayesimama akasema zile kanda zilitengenezwa. Zipo, zimehifadhiwa kwenye nyaraka za Umoja wa Mataifa pale Lakilaki, mwendo mfupi kutoka hapa tulipo.

Kuna kundi moja nisipolisema nitakuwa nimeficha. Mwaka 2019 kampuni ya Deeptrace ilihesabu video bandia za namna hii ilizozikuta mtandaoni, zikawa 14,678. Asilimia 96 zilikuwa za ngono, sura za wanawake zimebandikwa kwenye miili isiyo yao bila ridhaa yao. Tunazungumzia marais na vita, na wakati huo mzigo mkubwa kabisa umewaangukia binti zetu. Baba, mama, siku mtu atakapokutumia picha ya binti yako, wewe utakuwa wa kwanza kuamua. Usianze na fimbo. Usianze na "umetuaibisha". Mkalishe, muulize, msikilize mpaka mwisho, kisha nendeni polisi pamoja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015. Lakini sheria huja asubuhi, na mtoto analala na aibu yake usiku. Kati ya sura iliyotumwa na mtu asiye na jina, na mtoto uliyemlea wewe, ni nani mwenye mgongo hapo?

Mmeniuliza tufanye nini. Nimesikia kwamba kampuni kama Adobe na Microsoft, pamoja na BBC, tangu mwaka 2021 wanashughulikia muhuri wa kidijitali, picha ibebe ndani yake habari ya kilichoipiga na kilichobadilishwa. Nafurahi, ni muhuri wangu umerudi. Ila picha ikipitishwa WhatsApp mara nyingi zile habari za ndani hupotea njiani, kwa hiyo tusikae kusubiri. Kikundi chetu kimeshakubaliana: neno la fedha halitekelezwi kwa voisi, anapigiwa mweka hazina, naye anathibitishwa na katibu. Neno la msiba, anapigiwa mfiwa, au anakwenda mtu. Ndiyo, kwenda kwa miguu. Na mimi nimejiwekea kwamba sipeleki mbele kitu nisichoweza kusema "nimekipata kwa fulani, naye alikuwepo". Tangu hapo nimekuwa mtu wa kimya sana kwenye magrupu.

Namalizia na hii picha, naona imefika kule nyuma, naomba irudishwe.

Mwaka juzi yule mtoto wa mwisho, ambaye sasa ni mama wa watoto wake, alinijia. Mama yake alikuwa ameshatangulia. Akaiweka picha mezani, akaniuliza, "Fundi, mkono huu ni wa baba?" Nikamuuliza kwa nini. Akasema shangazi zake wamemwambia baba yao alikatika kidole cha shahada kiwandani, mkono wa kulia, kabla yeye hajazaliwa. Mkono ulioko kwenye kiti una vidole vyote vitano. Miaka yote alikuwa ameutazama bila kuona kitu, mpaka waliomjua baba yake wakamwambia.

Nikamweleza yote. Koti langu, kijana wangu wa kazi, kitambulisho kwenye leso, karatasi saba. Alilia, akanyamaza, akatazama tena. Kisha akaigeuza, akanipa kalamu, akaniambia niandike pale chini ya muhuri. Nikaandika: "Sura ni ya baba, kutoka kitambulisho chake. Mkono na koti si vyake. Aliomba mama, ili mtoto wa mwisho amjue." Nikatia sahihi na tarehe.

Yule pale, amesimama, anakuja kuichukua. Inarudi ukutani Kaloleni.